Maiki Mbele ya Nafasi Tupu

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni hizi za juzi tu, kwaya moja ya Tukuyu ilifiwa na Atuganile, mwimbaji wake wa sauti ya kwanza. Kwa desturi yao, nafasi ya marehemu haijazwi mpaka mwaka uishe. Basi siku ya kurekodi, kiongozi wao Tusekile akaweka maiki mbele ya nafasi ile tupu. Wakamcheka. Akasema desturi ni desturi.

Mama wa marehemu alikuwa na joho la bintiye. Aliapa kumpa joho hilo yeyote atakayemrudishia mwanawe, hata kwa sauti tu.

Katibu wao Ambakisye, mtu wa haraka, akaupeleka wimbo kwenye mtambo wa simuni unaonyoosha nyimbo, yaani kusawazisha sauti zake, bila fundi. Dakika tano, wimbo umerudi, umenona. Kila kilichokuwa kidogo kimekuzwa. Na ubeti wa tatu, pale kwenye nafasi tupu, anaimba Atuganile. Hata mimi nilipousikia niliogopa, sifichi.

Mama akausikiliza kutwa. Kila akiurudia, sauti ya bintiye ilipanda, na za walio hai zikafifia. Siku ya nne akaacha kula. Siku ya sita akaanza kuijibu: "Naam mwanangu, naja."

Tusekile akaukimbiza wimbo kwa Mzee Mwakalobo, fundi aliyenyoosha nyimbo kwa masikio yake miaka thelathini. Mzee akajifungia siku mbili. Alipotoka, sauti ile ilikuwa imeshushwa, imebaki pumzi moja tu kabla ya ubeti wa tatu. Mama alipoisikia alilia sana, kisha akaomba uji.

Siku ya kutoa joho, kila mmoja akadai.

Tusekile akasema, "Bila maiki yangu, mtambo ungekuza nini?"

Ambakisye akasema, "Mama, uliomba sauti, nikakuletea. Mzee huyu amekunyang'anya."

Mzee akasema, "Mtambo haujui nani mzima, nani marehemu. Unawapandisha wote sawa. Mimi nimekuachia kiasi unachoweza kuishi nacho."

Mama akalikunjua joho. Lilikuwa na joto, kana kwamba limevuliwa sasa hivi. Akawatazama mmoja mmoja, joho bado mikononi mwake.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mwamulieni: joho lilimstahili nani? Na wewe unayejibu upesi, angekuwa mwanao, ungesikiliza wimbo upi?