Maiti Aliyetamani Pilau

Sogeeni, sogeeni karibu. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa ukimalize. Na wewe acha kumfinya mwenzio. Kimya kiwe kimya, mpaka mbu aone haya kulia.

Ngano!

Ije!

Ije vipi?

Ije taratibu!

Kwa nini taratibu?

Imetoka mbali, miguu inauma!

Haya. Hapo kale Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba, alikuwa mwanafunzi katika shule ya chini ya kichuguu. Ikaja habari kwamba mjini kutakuwa na mchezo wa kuigiza, jina lake Matanga ya Chifu, na utachezwa jioni moja tu. Wanafunzi wote wakautamani. Lakini kiingilio kilikuwa kapu zima la kumbikumbi wa kukaanga, na mwaka ule njaa ilikuwa imepiga kambi. Wakachangishana. Huyu kiganja, huyu kiganja, huyu kiganja, likajaa kapu moja. Usiku ule wakalala na maji tumboni.

Wakamwambia Kalunguyeye, "Wewe una masikio mazuri. Nenda ukatutazamie. Utuletee mchezo wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikosa kuuona, usirudi."

Akatoka alfajiri. Pwata, pwata, pwata. Alipofika mjini jua lilikuwa limepanda, na nyayo zimemvimba kama viazi vitamu. Kwenye lango la mji akamkuta Fisi amejilaza kivulini. Fisi akalinusa kapu kabla hajamtazama mgeni.

"Mpwa wangu!" akapiga kelele.

"Shikamoo, mjomba. Ila sikufahamu."

"Marahaba! Mjini hatufahamiani, tunatembezana. Mchezo ni jioni, sivyo? Mpaka hapo nitakuonyesha mji wote. Twende!"

Wakaenda. Pwata, pwata, pwata. Wakafika kwenye mnara wa saa, mrefu, umesimama kama mtu aliyeudhiwa.

"Huo ni mnara," Fisi akasema. "Na desturi ya mji ni hii: mgeni akiuona mnara, mwenyeji hula." Akatia mkono kapuni. Kwacha, kwacha, kwacha!

Kalunguyeye akamwachia. Mgeni habishi.

Wakaenda tena. Wakakata kona, wakakata kona, wakakata kona. Pwata, pwata, pwata. Wakafika kwenye mnara wa saa.

"Mjomba, huu si ule ule?"

"La hasha! Ule ulikuwa mnara wa asubuhi. Huu ni mnara wa adhuhuri. Na desturi ya mji ni hii: mgeni akiuona mnara, mwenyeji hula." Kwacha, kwacha, kwacha!

Wakaenda tena. Kona, kona, kona. Sasa Kalunguyeye alikuwa haangalii mji, anaangalia vidole vyake vya miguu tu. Wakafika kwenye mnara.

"Usiniambie, mjomba. Huu ni wa alasiri."

"Ona mtoto alivyosoma!" Fisi akasema. Kwacha, kwacha, kwacha! Akala mpaka akaramba ukili wa kapu.

"Mjomba, kile kilikuwa kiingilio changu."

"Pole sana, mpwa. Mji ndivyo ulivyo." Fisi akapiga mwayo, akajilaza palepale.

Kalunguyeye akaketi kando ya njia. Alikuwa amechoka hata miiba yake ikalala. Akawakumbuka wenzake, mmoja mmoja, na kile kiganja alichotoa kila mmoja. Arudi awaambie nini? Kwamba ameona mnara?

Ndipo akasikia mtu anapiga mayowe nyuma ya ukumbi wa michezo. Alikuwa Bi Korongo, mwenye kikundi cha waigizaji. "Nimekwisha mimi! Kiboko wa kucheza maiti ana mafua! Chifu gani amekufa na huku anapiga chafya?"

Kalunguyeye akajikokota mpaka kwake. "Shikamoo, bibi. Maiti wenu ana kazi gani?"

"Marahaba, mwanangu. Kazi yake kulala. Alale katikati ya masinia ya pilau ya matanga, asitikisike mpaka mwisho."

"Pilau ya kweli?"

"Watu wangu hawawezi kuigiza kula. Wana njaa."

"Nikikuletea maiti, mkubwa, anayenuka kidogo, nitaingia bure?"

"Utaingia, na jukwaani utakaa! Nimepungukiwa na mtani pia. Msiba gani usio na mtani? Mtani ndiye wa kumcheka marehemu, kumsema, kula chakula chake, na hapana ruhusa ya kumkasirikia."

Kalunguyeye akarudi mnarani. "Mjomba, kuna kazi pale ya kulala katikati ya pilau. Nimeikataa. Mimi mdogo."

Fisi akafumbua jicho moja. "Kulala tu?"

"Kulala tu."

"Na pilau?"

"Itakuzunguka pande zote, mjomba."

Vuu! Kalunguyeye akabaki na vumbi.

Jioni ukumbi ukajaa. Ngoma ikalia ndu, ndu, ndu. Fisi alikuwa ameshalazwa chali, macho yamefumbwa, pua imefumbuka. Bi Korongo alikuwa amemnong'oneza: "Maiti akitikisika, watazamaji humponda kwa viti. Ni desturi ya ukumbi."

Kalunguyeye akaketi karibu na kichwa cha maiti, sinia mbele yake.

"Ee marehemu!" akalia. "Sisi wa miiba na nyinyi wa mifupa ni watani tangu mababu! Umekufa, nami nimekuja kukucheka!"

"Mcheke, mtani!" watu wakaitikia.

"Marehemu alikuwa mkarimu! Hakuonja cha mgeni hata punje!"

"Mcheke!"

"Na pilau alikuwa haipendi! Nisaidieni kumlia!" Akachota tonge. Fisi akanong'ona kwa pembe ya mdomo:

"Mpwa, nidondoshee paja."

"Maiti hasemi, mjomba."

"Basi mfupa."

"Maiti hatafuni."

"Unaniua!"

"Umeshakufa, mjomba. Lala."

Sinia likaisha, likaja jingine, nalo likaisha. Shibe ikamwongezea Kalunguyeye uchovu. Kope zikawa nzito kama mawe ya kinu. Alisinzia kidogo, akajichoma na mwiba wake mwenyewe, akaamka. Wenzake walitaka mpaka mwisho. Akasinzia, akajichoma, akaamka.

Likaletwa sinia la mwisho, juu yake kichwa cha mbuzi. Kalunguyeye akalisogeza karibu na pua ya marehemu. "Hata kichwa cha mbuzi alikuwa—"

Gwaa! Fisi akaruka.

"Maiti! Maiti amefufuka!" Viti vikaruka. Pu! Pa! Pu! Vikamshukia kiunoni, na Fisi akatoka kwa mlango wa nyuma, kinywa kitupu.

Bi Korongo akainua mbawa haraka. "Mwisho!" Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kalunguyeye akatembea hadi kwao, pwata, pwata, pwata, akawasimulia wenzake mchezo wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Wakacheka mpaka njaa ikaondoka kwa hasira.

Basi fundisho, wajukuu: ukienda ugenini, mpe mwenyeji wako chote ulicho nacho, usimbishie hata neno. Heshima hulipa. Mnacheka nini? Ngano lazima iwe na fundisho, na mimi leo ndilo nililonalo.

Ngano imeketi, imenyoosha miguu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.

Fisi alirithi kiuno kilichoshuka. Bi Korongo alirithi kusimama kwa mguu mmoja, ili mwingine upumzike. Naye Kalunguyeye alirithi kujikunja na kulala mchana kutwa, miiba nje, asije mtu akamwalika kwenda kutazama mnara.