Mtoto wa Siwema Aitwe Nani?

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale mapema. Hadithi yangu ya leo haina mshindi. Anayemtaka atamtafuta mwenyewe.

Muheza palikuwa na binti aitwaye Siwema, miaka ishirini na mitatu, na watu watatu waliompenda. Wa kwanza ni Bi Mwajabu, somo wake, yaani mama wa kumfunda: huyu alijaliwa sikio. Wa pili ni Tatu, binamu yake: huyu hakujaliwa woga hata chembe. Wa tatu ni Mbaruku, mchumba wake, fundi baiskeli: huyu alijaliwa subira, ingawa siku hizo hakuna aliyeijua.

Siwema alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ufundi, kujifunza umeme wa magari. Tangu siku ya posa Mbaruku alikubali: asome kwanza, watoto baadaye. Lakini mimba haina habari na makubaliano ya watu. Dada yake Siwema naye aliolewa na nafasi kama hiyo mkononi, mimba ikaja mapema, na chuo akakisikia kwa wenzake tu. Siwema hakuwahi kumjua mwanamume, harusi ilikuwa Ijumaa, na hofu ilimnyima chakula.

Na keshawekwa ndani, jamani! Bi harusi akiwekwa ndani hatoki. Ni kusuguliwa liwa na singo mpaka siku yake. Kinga ya mimba ataitoa wapi?

Bi Mwajabu alikuwa akimfunda mambo ya chumbani, na Siwema akauliza kwa sauti ndogo, "Somo, mimba yaweza kuingia siku ile ile ya kwanza?"

Somo mwingine angecheka, au angemwambia ana haraka. Bi Mwajabu akaacha alichokuwa akifanya.

"Inaingia. Anayekwambia haiingii anakudanganya. Lakini wewe mwanangu hujaniuliza, umenililia. Una nini?"

Siwema akamwaga yote, chuo na dada na hofu. Bi kizee akasikiliza hadi mwisho.

"Sisi tulifungwa uzi kiunoni kuzuia mimba," akasema. "Mimi na uzi wangu nimezaa tisa. Kufunda najua, dawa sijui. Kesho utavaa baibui langu uende zahanati."

"Na wakija wa singo?"

Hapo ndipo Tatu, aliyekuwa kaketi pembeni mle chumbani, alipojitosa. "Watanisugua mimi."

Basi kesho yake Siwema akatoka kwa mlango wa uani, na Tatu akajilaza mkekani, kajifunika kanga uso mzima. Wanawake wakaingia na bakuli la singo. Bibi yao, ambaye macho yalishaingia ukungu, akamsugua mpaka ngozi ikawaka. "Bi harusi wetu kanenepa," akasema. Tatu kimya. Wakamwimbia nyimbo za kumtia aibu mwari, Tatu kimya. Kanga ingefunuliwa, angepata jina baya mtaa mzima, yeye ambaye hata mchumba hana. Naye alijua.

Kule zahanati muuguzi aliweka mezani vidonge, sindano, kijiti cha mkononi na kondomu, akaeleza uzuri na kero ya kila kimoja. Siwema akauliza mpaka koo likamkauka. Akachagua sindano, kwa sababu kijiti kingeacha bendeji, na mikono yake ilikuwa ya kupakwa hina mbele ya watu.

"Lakini wiki hii ya kwanza usiitegemee," muuguzi akamwambia. "Tumieni kondomu, au subirini." Akampa na kondomu.

Ijumaa ikafika, wakaoana, mlango ukafungwa. Siwema akamweleza mumewe kila kitu. Akikasirika je? Akisema nani kakuruhusu?

Mbaruku akaigeuza ile pakiti ya kondomu mkononi. "Mimi kitu hiki sijawahi kukishika. Nikikosea, chuo chako kimekwenda. Tusubiri."

"Na shangazi yako aliyeko nje akingoja habari?"

"Shangazi niachie mimi."

Shangazi alikuwa mlangoni kila asubuhi, kigelegele kimemjaa kooni. Mbaruku akamwambia, "Mwili wangu haujatulia, shangazi. Siwema hana kosa." Maneno yakatoka nje, na mnajua maneno. Rafiki zake wakamwita betri mbovu. Mama mmoja akamletea supu ya pweza. Fungate ikakaribia kwisha, naye akanywa supu, akanyamaza, wala hakumtaja mkewe.

Wiki ilipotimia, wakalala wawili wasio na hofu. Yaliyobaki ni yao, msinitumbulie macho. Shangazi alipata kigelegele chake, na Siwema alicheka asubuhi ile mpaka akalia, kwa jinsi mzigo ulivyomtoka.

Akasoma, akamaliza, akapata kazi gereji. Ndipo wakakubaliana aache sindano. Ikachukua miezi, mimba ikaingia, akazaliwa msichana mwenye mapafu ya mwadhini.

Siku ya saba kinyozi kaja, mtoto apewe jina. Bi Mwajabu akasema, "Aitwe Mwajabu. Bila sikio langu, hofu yako ingefia kooni." Tatu akasema, "Aitwe Tatu. Sikio lisingekufikisha zahanati. Ngozi yangu ilikufikisha." Mbaruku akasema, "Aitwe Zuhura, jina la mama yangu. Haki ya ubaba naiweka kando, nadai ya subira. Ningekosa siku moja, mngehangaika bure." Na jirani mmoja, aliyekuja kula pilau tu, akadakia kwamba wote wangebaki na vipaji vyao kama Siwema hangefungua mdomo, basi mtoto aitwe jina la mamaye.

Siwema akawatazama, kila mmoja anamdai kwa haki. Kinyozi ana wembe mkononi, mtoto analia, pilau inapoa. Je, wewe ungemwita nani?