Askari Aliyekosea Mraba

Nina watu watatu na nafasi ya jina moja. Sikilizeni vizuri, maana mwisho kazi nitawaachia nyinyi.

Mzee Hizza Semboja wa Lushoto, fundi saa mstaafu, alijaliwa kutunga mafumbo ya sataranji. Alikuwa akipanga kete chache ubaoni, anakwambia, "Mweupe aanze, amfunge mfalme mweusi kwa hatua tatu," kisha anakuacha uhangaike. Bi Tausi Mwinyikondo wa Pangani, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, alijaliwa kuyavunja mafumbo hayo. Fumbo halali lina njia moja tu ya kulianza. Likipatikana na njia ya pili limekufa, na Bi Tausi alikwisha kuyazika mengi. Wa tatu, Filbert Mhina, alikuwa mpanga kurasa katika kiwanda kimoja cha uchapaji mjini Tanga. Huyu alijaliwa mkono mwepesi. Sataranji hakuijua hata chembe, na farasi alimwita "yule mwenye shingo".

Kilichowakutanisha ni jarida la *Miraba*, lililotoka mara nne kwa mwaka, na wasomaji wake wote wangeenea kwenye harusi ndogo. Mhariri wake, Mwalimu Shemdoe, alikuwa na desturi moja asiyoivunja: jina la mtunzi hukaa juu ya ubao kwa herufi nene, la mkaguzi hukaa chini, kwa herufi za kutafutia miwani. Bi Tausi alikuwa amekaa huko chini miaka ishirini na miwili. Hakuwahi kulalamika, lakini ilimuuma.

Basi mzee Semboja alikaa miaka sita na wazo moja. Malkia mweupe akimbilie kona ya mbali kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hampeleki, na kutoka huko, kwa hatua mbili tu, mfalme mweusi akose pa kwenda. Kona ile ndiyo ilikuwa roho ya fumbo, na hakuna mwingine aliyeiwazia. Alipomaliza alilipeleka kwa Shemdoe, naye kwa haraka ya toleo akatuma nakala moja kwa mkaguzi na nyingine kiwandani siku hiyo hiyo.

Bi Tausi alikaa nalo siku tisa. Siku ya tisa akagundua kwamba hata farasi, akianza yeye, anafunga kazi kwa hatua tatu zile zile. Hakufurahi, kwani alikuwa amempenda malkia yule. Alijaribu kulitibu, lakini kila kete aliyoiweka imzibe farasi ilimziba na malkia. Akaandika: "Kuna njia ya pili. Nasikitika." Barua ilifika jarida likiwa limekwisha chapwa.

Na Mhina? Yeye alinakili ubao kutoka mwandiko wa mzee, akamweka askari mmoja mweusi mraba mmoja kushoto kwa pale alipotakiwa. Hana kisa zaidi ya hicho. Alikuwa na njaa, na mwandiko wa mzee haukuwa wa kusifiwa.

Jarida lilipomfikia Bi Tausi, alikasirika. "Huyu askari kafuata nini hapa?" alijiuliza. Angeweza kulitupa, lakini mkaguzi ni mkaguzi: alipanga kete kama zilivyochapwa, akakagua siku nne. Farasi alikuwa amezibwa. Malkia alipita bila kuguswa. Akampigia mhariri simu.

"Mwalimu, nimesikia unaandika sahihisho. Usisahihishe kitu."

"Lakini Bi Tausi, lile ni kosa la uchapaji."

"Ndiyo. Na kosa ndilo sahihi."

Miezi minane baadaye chama cha watunzi wa mafumbo, huko ng'ambo, kililichagua fumbo lile liingie kwenye kitabu chao cha kudumu. Ikaja fomu yenye mstari mmoja: jina la mtunzi, mtu mmoja tu, na likishaandikwa halibadilishwi. Shemdoe akawaita wote watatu ofisini.

"Malkia ni wangu," mzee Semboja alisema. "Ila sitadanganya. Fumbo nililolitunga mimi lilikufa."

"Mimi sijui kucheza, mzee wangu," Mhina alisema, "lakini kama aliyeliponya ni askari, mkono uliomweka ni wangu. Nina watoto, ningependa waone jina langu kwenye kitabu."

Bi Tausi alijua kwamba bila yeye fumbo lile lingesahihishwa, likarudi kaburini, na hakuna ambaye angejua kwamba liliwahi kuwa hai.

Shemdoe akamsogezea fomu na kalamu. "Dada, wewe ndiye unayeijua kila hatua. Andika, sisi tutakubali."

"Hata nikiandika la kwangu?"

Mzee Semboja aliitikia kwa kichwa. Mhina naye akaitikia. Bi Tausi alitamani sana mmoja wao akatae, na hakuna aliyekataa.

Hapo ndipo ninapomwachia. Sasa, jamani, kalamu mnayo nyinyi: aliyewaza, aliyekosea, au aliyetambua kwamba kosa si kosa? Mngeandika jina la nani, na wale wawili mngewatazama vipi usoni?