Chungu cha Kwanza cha Mashavu

Hapo zamani, mtawala wa mji mmoja alibadili sheria ya ushuru. Mpiga mbiu akapita: "Atakayemwinua fundi mdogo, bidhaa zake zitapita langoni mwaka mzima bila ushuru! Fundi mmoja, mfadhili mmoja!"

Wafinyanzi wa mji ule walikuwa na ada: chungu cha kwanza cha tanuri jipya hakiuzwi, hupewa aliyeliwezesha tanuri. Basi mwenye kukifikisha chungu hicho langoni siku kinapotoka tanurini, kabla lango halijafungwa, ndiye angesamehewa ushuru.

Mashavu, mfinyanzi mjane, alisikia mbiu akaguna. Sheria tamu hivi imepikwa na nani?

Alfajiri yake, punda wa Bwana Shekue, tajiri wa nguo, wakafika na matofali mlangoni pa Mashavu, mwenyewe akiwafuata. Mashavu akagonga moja. Likalia. Kavu!

"Bwana, mbiu ni ya jana. Matofali haya yameanikwa siku nyingi. Ulijuaje?"

"Yalikuwa ya banda la punda wangu, mama. Watanyeshewa kwa ajili yako, nawe unanihoji!"

Shemeji yake Kombo akalijenga tanuri bila ujira. Moto ukawaka, chungu cha kwanza kikatoka. Wote wakafika.

Shekue akasema, "Bila matofali yangu, ungechomea vyungu mgongoni?"

Time, muuza samli, shoga yake Mashavu, akasema, "Mwaka jana niliuza mbuzi wangu ujenge tanuri, sheria haipo, mbiu haipo. Mvua ikalibomoa. Je, na wema wangu ulibomoka?"

Mashavu akamuuliza, "Mbona tangu lilipobomoka hukukanyaga mlangoni pangu hadi mbiu ilipolia?"

"Niliona haya, shoga. Ungedhani nadai."

Kombo akasema, "Matofali hayajipangi, shemeji."

Mashavu akamgeukia, "Nawe huna bidhaa ya kupitisha. Chungu cha nini?"

"Kikiwa changu, nitampa nimtakaye."

Shekue akakohoa, akatazama pembeni.

Ngoma ya kufunga lango ikaanza. Mashavu akawaza. Akimnyima Shekue, matofali yangerudi bandani. Akimnyima Time, angemwacha aliyemwamini kabla ya wote. Akimnyima Kombo, nani angempangia tanuri tena?

Mashavu akakigonga chungu, akasikiliza. Kizima. Akawatazama watatu wale, mmoja mmoja. Chungu kina pa kugonga ukajua kama kina ufa. Mtu unamgonga wapi?

Nanyi mnaosikiliza, ngoma hiyo inaishia. Chungu ki mikononi mwenu. Je, nani alistahili?