Jani Bichi la Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitikia vizuri, lakini haya. Na wewe huko nyuma, acha kusukuma wenzako.

Hapo zamani za kale palikuwa na mabwawa mawili, moja upande wa mawio, moja upande wa machweo. Mamba alikuwa akihama. Leo huku, kesho kule. Basi wanyama wakamweka Pimbi juu ya jabali awe mlinzi. Sheria ilikuwa moja: shuka, katazame, rudi na jani la kila bwawa. Jani likiwa bichi, uwajibu wanaouliza. Jani likinyauka, habari yake imekufa. Shuka tena.

Pimbi akashuka, akapanda. Akashuka, akapanda. Akachoka. Akaona shimo jabalini, limejaa maji ya mvua. Akayatumbukiza majani, chubwi! Akalala.

Siku ya kwanza, mabichi. Siku ya pili, mabichi. Siku ya tatu, mabichi!

Siku hiyo akaja Mama Digidigi na mtoto wake. Ulimi wa mtoto umekauka.

"Bwana Pimbi, bwawa la machweo likoje?"

Pimbi akainua jani. "Salama. Jani bichi."

Wakaenda. Mtoto akainama anywe. Kwapu! Mamba huyo! Wakanusurika chupuchupu, wakarudi mbio, thu thu thu.

"Pimbi! Mamba yuko kule!"

"Hayuko. Jani bichi."

"Nimemwona meno!"

"Mama, tusibishane. Jani bichi."

"Ulikwenda lini kutazama?"

"Jani..."

"Sikuulizi jani! Nakuuliza wewe!"

Pimbi akamtikisia jani usoni. Tone la maji likamwangukia mtoto puani. Mtoto akalilamba.

Mama Digidigi akalitazama lile jani. Kisha akasema, "Jani gani hili linadondosha maji kwenye jua kali?"

Akapanda jabali na mtoto wake. Akaliona shimo.

"Kunywa, mwanangu."

"Asinywe! Majani yangu yatakauka!"

Mtoto akanywa. Gubu, gubu, gubu, mpaka jiwe likaonekana. Jua likawaka. Majani yakajikunja, yakawa makavu, kracha.

"Haya," akasema Mama Digidigi, "jani linasemaje sasa?"

Pimbi akashuka jabali akinung'unika, tapu, tapu, kwenda kutazama.

Jamani, habari nayo huchakaa. Ukiifanyia hila ionekane mpya, anayeumia ni mwenye kiu. Ukiulizwa, nenda ukatazame tena.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na anayetaka kujua Mamba yuko wapi leo, asiniulize mimi. Mimi nilimwona jana.