Karibu ya Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, watoto, siku ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika na wakasengenyana kama sisi, mtaa wa Bondeni ulipata mkahawa mpya. Mwenyewe alikuwa Nyati, bwana wa pembe nene na sauti ya kutikisa vikombe. Chakula chake kililetwa kwenye vijisahani vidogo kama kiganja, kimoja baada ya kingine. Mtaa mzima ukasema huo ndio ustaarabu. Watu wasipoelewa kitu, mara nyingi hukisifu kwanza.

Jioni moja, jua bado liko juu ya miti, Pimbi alimpeleka huko rafiki yake Kakakuona. Pimbi ni mdogo, unaweza kumbeba kwapani. Kakakuona alikuwa anahama. Kesho yake angeanza safari ya siku tatu kwenda kukaa kwa binti yake ng'ambo ya milima, na kwa umri wao hakuna aliyejua kama wangeonana tena.

"Dada, huondoki Bondeni na njaa," Pimbi alikuwa amemwahidi. Kwa ahadi hiyo akalipa mlangoni kibuyu cha asali, asali yake yote ya mwaka.

Wakanawa, wakakaa. Nyati akaja, akainama. Tap! Kisahani mezani.

Kilikuwa na maharage matatu.

"Mawili yako, dada," Pimbi akasema. "Mimi moja linanitosha."

Tap! Kipande cha muhogo, chembamba kama jani. Tap! Kumbikumbi mmoja, amelazwa chali. Kakakuona, ambaye kumbikumbi ndio roho yake, akamtazama yule mdudu kwa huruma.

"Tuwasubiri wenzake?" akauliza.

"Wenzake hawaji, bibi," akajibu Nyati. "Hapa tunakula kwa macho kwanza."

"Na baada ya macho?"

"Baada ya macho mnanawa."

Ngurrr! Tumbo la Kakakuona likanguruma. Akajifanya anakohoa.

"Nimeshiba, mwenzangu," akadanganya. "Chakula kizuri sana."

Pimbi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Hivi ndivyo anavyomuaga rafiki wa maisha? Akainuka kwenda kunawa tena, apate pa kuficha uso. Huko nyuma pua yake ikanasa harufu. Akachungulia penye pazia.

Lo! Nyati ameketi na kaka yake Kiboko, na kati yao sinia la pilau ya kumbikumbi, limejaa mpaka pomoni.

"Vuta pazia vizuri," Kiboko ananong'ona. "Akituona mtu itabidi tumkaribishe."

Maana Bondeni, kama kwetu, huwezi kula mbele ya mtu bila kumwambia karibu. Naye mwenye adabu hujibu, "Ahsante, nimetangulia," akapita zake. Kila mmoja anajua zamu yake, na chakula kinabaki salama.

Pimbi akarudi katikati ya ukumbi, hop! akaruka juu ya benchi.

"Jamani! Kuna watu wanasema Bwana Nyati anakula mafichoni! Mimi nakataa! Bwana mzima, mwenye heshima zake, ajifiche nyuma ya pazia na sinia? Hasha!"

Wateja wote wakageuka kulitazama pazia. Pazia likatikisika. Swaaa! Nyati mwenyewe akalifungua, wali umemganda kidevuni.

"Nani anasema hayo? Pazia ni la kuzuia nzi! Mimi sijawahi kumnyima mtu! Haya, karibuni! Karibuni wote!"

"Ahsante, tumetangulia!" wateja wakaitikia kwa pamoja.

Nyati akatabasamu, akashika pazia alifunge.

"Ahsante, tunakuja!" akasema Pimbi.

Tangu Bondeni iwe Bondeni, hakuna aliyewahi kujibu hivyo.

"Mna... mnakuja?"

"Si umesema karibuni?"

"Nimesema."

"Umesema kwa moyo, au kwa mdomo tu?"

Masikio yote ukumbini yakasimama.

"Kwa moyo," Nyati akajibu, kama anayeng'olewa jino.

"Dada, nyanyuka. Tumekaribishwa."

Wakaketi penye sinia lile. Ulimi wa Kakakuona, mrefu kama kamba, ukaanza kazi: fyoo! fyoo! Kiboko akavuta sinia upande wake.

"Kaka, usivute," Pimbi akamwambia kwa upole. "Mgeni hafikii."

Ngiri, aliyekuwa meza ya dirishani, akakohoa. "Samahani, karibu ile bado ipo?"

"Ipo!" Pimbi akajibu kabla Nyati hajafungua kinywa.

Alaa! Viti vikaburuzwa, ukumbi mzima ukahamia nyuma ya pazia. Kiboko alipata matonge manne tu. Aliyahesabu.

Pilau ilipokwisha, Kakakuona hakuweza hata kujikunja. Mlangoni akamkumbatia Pimbi, na wote wawili wakalia bila kuona haya.

"Nitafika kwa mwanangu na shibe yako," akasema.

Nyati alisimama kando akiwatazama wageni wakitoka. Kwa mazoea akafungua kinywa: "Karibuni te..."

Kiboko akamziba mdomo kwa mikono miwili.

Basi, watoto: usimwambie mtu karibu kama hutaki aje.