Sultani Aliyeingia Kwake kwa Dirisha

Mnanikera. Mtu anachambua mchele wake kwa amani, mnamjia: bibi, hadithi. Kwani hadithi ni maji ya mtungini, kila mwenye kata achote? Haya, kaeni. Na huyo anayetafuna miwa akatafunie nje.

Hapo zamani palikuwa na sultani, jina lake Shekue, mwenye maradhi ya kununua. Kila kipya kilichoingia mjini kilikuwa chake: saa za ukutani, vioo, makabati, vitanda asivyovilalia. Ikawa nyumba imejaa hata mlango haufunguki, na sultani huingia kwake kwa dirisha, askari wakimsukuma matako.

Jirani yake alikuwa maskini mmoja, Msabaha. Mali yake yote ni kibanda na fimbo za kirumbizi, ile ngoma ya watu wawili kurushiana fimbo na kukingana. Siku moja akamwona sultani amekwama dirishani, nusu ndani nusu nje, akacheka.

Basi akaitwa. Sultani akanena, "Ewe Msabaha, nimenunua makabati mengine na sina pa kuyaweka. Nakitaka kibanda chako."

"Nami nilale wapi, maulana?"

"Hilo kazungumze na mbu. Lakini mimi si dhalimu. Ijumaa niletee kitu nisicho nacho, kisichouzwa duka lolote. Naapa mbele ya wazee hawa nitakipokea, na kibanda kibaki chako. Usipoleta, toka."

Ijumaa Msabaha akaja na fimbo mbili, askari wakamvuta ndani kwa dirisha.

"Fimbo ninazo pipa zima," sultani akasema.

"Fimbo si zawadi, bwana wangu. Nimekuletea kucheza kirumbizi. Unako?"

Sultani akawatazama wazee, wazee wakatazama dari. "Sina. Haya, kiweke pale juu ya kabati."

"Hakikai kabatini, maulana. Hukaa mwilini mwa mtu. Nawe umeapa kukipokea."

Basi sultani akashika fimbo. Pigo la kwanza likavunja kioo. La pili likaangusha saa, saa ikaangukia birika, birika likamwagia mzee mmoja miguuni.

"Mali yangu," sultani akalalama.

Msabaha akamgonga utosini. "Kinga kichwa, bwana. Vioo unavyo vingi."

Usiku ule sultani alilala kama gogo, jambo ambalo vitanda vyake vyote havikupata kumfanyia. Asubuhi, mabega yanamuuma, akamtuma mtu amwite Msabaha, fundi wake. Akawaambia askari, "Toeni kabati hili, linanibana mkono."

Ikawa kila alipojifunza pigo jipya, alitaka nafasi, na kila alipotaka nafasi, chombo kilitupwa nje kwa dirisha, wapita njia wakabeba. Wachuuzi wakaja na kitanda cha pembe za ndovu. Sultani akawajibu huku anahema, "Rudini nikishajua kukinga kushoto." Wakamngoja hata wakachoka, wakaenda zao.

Hata siku moja mlango ukafunguka. Sultani akatoka kwa miguu yake, akacheza na Msabaha mbele ya mji mzima, akamgonga utosini, ko! Akacheka hata akakaa chini, maana viti vilikwisha.

"Sasa umehitimu," akasema Msabaha, anapapasa nundu. "Na ada ya fundi unaijua."

Nani asiyeijua? Mwanafunzi akihitimu humvika fundi wake kilemba. Sultani akaagiza sanduku la vilemba. Loo, sanduku lilikwisha tupwa dirishani pamoja na makabati. Kilibaki kimoja tu, kile cha usultani, nacho kilikuwa kichwani pake.

"Maulana," mzee mmoja akamnong'oneza, "mpe hata kanga."

"Nyamaza. Huyu ni fundi wangu."

Basi akakifungua taratibu, akamvika Msabaha mbele ya watu wote. Wageni waliofika jioni ile wakamwinamia Msabaha. Na sultani akarudi kwake kwa mlango, kipara wazi kimejaa manundu, watoto wanakihesabu.